Kuunganisha konsoli ya nyumbani na monita ya kabati la gemu

Wengi wanaopata kabati la zamani la gemu, lile la kuchezea kwa sarafu, hudhani kwamba monita iliyomo ni kifaa cha pekee, kisichoweza kuonyesha chochote isipokuwa bodi ya gemu kilichokuja nayo. Sivyo ilivyo. Ndani yake ni televisheni ya chogo isiyo na kipokezi cha stesheni wala rimoti, ambayo imeachiwa njia tatu za rangi, yaani nyekundu, kijani na bluu, pamoja na njia ya nne ya ulandanishi inayoiambia ni lini mstari uanze na ni lini picha nzima ianze upya. Konsoli nyingi za miaka ya 1990 hutoa ishara hizo hizo nne, na watengenezaji wenyewe waliutumia ukaribu wa konsoli na kabati kibiashara: mwaka 1986 Nintendo iliingiza gemu zake za nyumbani katika kabati la PlayChoice-10, ambapo mchezaji alinunua muda wa kucheza, baadaye bodi ya Sega iitwayo ST-V ilijengwa kwa msingi wa konsoli ya Saturn, na bodi ya System 11 ya Namco kwa msingi wa konsoli ya PlayStation. Kwa hiyo swali si kama inawezekana. Swali ni ishara zikutane vipi bila kuharibu upande wowote.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni masafa ya mistari. Monita nyingi za kabati za miaka ya 1980 na 1990 huchora mistari kwa takriban kilohezi 15.7, yaani mistari 15,700 kwa sekunde, sawa na televisheni za wakati huo, na Mega Drive, Super Nintendo, PlayStation ya kwanza na Saturn zote huangukia hapo. Konsoli ya Dreamcast inaweza kutoa kilohezi 15 au 31 kutegemea kebo iliyochomekwa, hivyo kebo ya VGA, ile ya monita za kompyuta inayotoa kilohezi 31, isikaribie monita ya kilohezi 15: picha itapasuka vipande, na transista inayoendesha mwendo wa mlalo wa picha inaweza kuungua. Konsoli za kisasa zenye HDMI huhitaji kigeuzi kinachoshusha picha hadi mistari 240 kwa kilohezi 15, na kwa maoni yangu matokeo yake mara nyingi hayalipi gharama, kwa sababu maandishi madogo ya gemu za sasa hayasomeki.

Panapowashinda watu zaidi ni ulandanishi. Kwenye kebo nyingi za SCART, zile zenye plagi pana ya pini nyingi ya televisheni za Ulaya, rangi hupita pini ya 15, ya 11 na ya 7, ilhali ulandanishi huja pini ya 20 ukiwa umefichwa ndani ya ishara kamili ya video, ile ile inayopita waya wa njano. Televisheni huichuja yenyewe. Monita ya kabati haina kichujio hicho; hutarajia mapigo safi ya kufikia volti 5, na ikipewa video iliyochanganyika hutetemesha picha, huikunja upande wa juu kila inapotokea sehemu yenye mwanga mkali, au huiacha ikimbie kabisa. Mwenye kabati huanza kuilaumu monita na kuzungusha kila kirekebishi kilichopo nyuma, na akimaliza hata bodi ya asili haionyeshi vizuri tena.

Dawa ni chipu ndogo ya LM1881, yenye miguu 8, inayochuja ulandanishi kutoka kwenye video. Video huwekewa kwanza rezista ya omu 75 kwenda ardhini, kisha huingia mguu wa 2 kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1; mguu wa 6 hupewa rezista ya kiloomu 680 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, zote zikienda ardhini. Mguu wa 8 hupata volti 5, wa 4 huenda ardhini, na ulandanishi uliochujwa hutoka mguu wa 1. Volti 5 zipo tayari ndani ya kabati. Katika soketi ya JAMMA, kiwango cha kuunganisha bodi ya gemu na kabati kilichoanza mwaka 1985, nyekundu ni nafasi ya 12, bluu ya 13, kijani nafasi yenye herufi N, ulandanishi yenye herufi P, na ardhi ya video ni ya 14.

Ulandanishi ukishatulia, utaona picha imara lakini yenye giza. Sababu ni kwamba konsoli hutoa rangi za volti 0.7 kwa kifaa chenye ukinzani wa omu 75, ilhali bodi za kabati huisukuma monita kwa volti kadhaa. Wapo mafundi wanaofidia upungufu huo kwa kupandisha mwangaza kwenye monita yenyewe. Mimi nalipinga jambo hilo kwa dhati, kwa kuwa weusi hugeuka kijivu, kioo huchakaa mapema, na siku bodi ya asili ikirudishwa rangi humwagika. Weka amplifaya ya video yenye njia tatu kati ya konsoli na monita, kila rangi na kirekebishi chake, na uiache monita ilivyopangwa. Ukiona picha kali lakini nyeupe imekuwa nyeusi na rangi zote zimepinduka, huenda una monita ya Sanyo kutoka kabati la zamani la Nintendo, kama lile la Donkey Kong, ambazo ziliundwa kupokea rangi zilizogeuzwa. Hapo utahitaji amplifaya yenye kugeuza.

Kabla ya waya wowote kuguswa, angalia umeme wa monita. Nyingi za Marekani, mfano Wells-Gardner K7000, hazijatenganishwa na umeme wa ukutani na lazima zipite kwenye transfoma ya kutenganisha. Ikiondolewa, ardhi ya konsoli inaungana na umeme mkubwa kupitia kebo ya video, na konsoli hufa pamoja na chochote kilichochomekwa kwake, huku anayeshika pedi akiwa hatarini. Makabati ya Kijapani hutumia volti 100, hivyo Afrika Mashariki yanahitaji transfoma ya kushusha. Kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa kioo hubeba volti zaidi ya 20,000 na huweza kubaki na chaji baada ya kuzimwa. Asiyejua kuitoa chaji hiyo asiweke mkono huko.

Konsoli za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, hutoa picha 50 kwa sekunde badala ya 60, hivyo picha ikipanda au kushuka, kirekebishi cha wima kikisogezwa kidogo huishika. Sauti ya konsoli ni dhaifu kwa spika ya kabati na huhitaji amplifaya ndogo. Vitufe navyo huunganishwa kwa kulehemu waya kwenye bodi ya pedi halisi ya konsoli hiyo, kila kitufe cha kabati kikiwa sambamba na kile cha pedi.