Waranti ya zamani kwa kosa la mbwa: ifuate mahakamani kabla haijakufuata

Wengi wanaokuja kwenye dawati letu la msaada wa kisheria wakiwa na waranti ya miaka iliyopita hawakuiba wala kupigana. Kosa lenyewe lilikuwa mbwa: hakuchanjwa, alizurura barabarani, au alimng'ata mtoto wa jirani. Samansi, yaani hati ya kuitwa mahakamani, ililetwa nyumbani, ikawekwa mahali, mwenye mbwa akahamia mji mwingine kutafuta riziki, na hakimu alipoita jina lake mahakamani hakuna aliyeitikia. Hakimu akatia sahihi waranti ya kumkamata. Tangu hapo mtu huyo anaishi akishtuka kila anapoona kizuizi cha polisi, na mara nyingi hofu hiyo inamsumbua kuliko adhabu ambayo mahakama ingempa.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya Uganda iko wazi hapa. Waranti hubaki na nguvu mpaka itekelezwe, au mpaka mahakama iliyoitoa iifute yenyewe. Haina tarehe ya kuisha, na inaweza kutekelezwa mahali popote nchini, kwa hiyo waranti iliyotolewa Arua inaweza kumkuta mtu Kasese au Kampala. Mbwa akifa, waranti inabaki. Askari aliyeshika faili akihamishwa, waranti inabaki. Uganda pia haina sheria ya jumla inayofuta kosa la jinai kwa sababu tu miaka imepita, ingawa Katiba ya 1995, Ibara ya 28, inampa kila mshtakiwa haki ya kusikilizwa haraka, na wakili anaweza kuijengea hoja kesi iliyolala muda mrefu bila shahidi hata mmoja kuitwa.

Kuna imani mbili zinazowaponza watu. Ya kwanza ni kwamba mkishapatana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, mambo yamekwisha. Mmekaa, umemlipia jirani gharama za sindano za mtoto, mmepeana mikono. Ni jambo jema, na tunalipenda, lakini mwenyekiti hana uwezo wa kufuta amri ya hakimu. Ikiwa makubaliano yale hayakufikishwa mahakamani, faili lipo vilevile na jina lako limo. Yahifadhi maandishi ya mapatano hayo, kwa sababu yatakufaa sana. Sheria inamruhusu hakimu kuhimiza suluhu katika makosa ya kibinafsi yasiyo mazito, mlalamikaji akikubali.

Imani ya pili ni mbaya zaidi: kwamba ukimpa askari kitu kidogo, atalichana karatasi. Askari hawezi kufuta waranti. Anaweza kukuacha uende leo, na mwenzake akakukamata mwezi ujao kwa karatasi ileile, nawe umepoteza pesa na umetenda kosa la rushwa, ambalo ni zito kuliko lile la mbwa. Hali ni hiyohiyo kwa madalali wanaozunguka kwenye viwanja vya mahakama wakisema wanamjua hakimu.

Kabla ya kwenda mbali, niseme kwa nini sheria inajali mbwa kiasi hiki, maana wengine huliona jambo hili kama usumbufu wa serikali. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa. Uganda ina sheria maalumu ya kichaa cha mbwa, halmashauri zina sheria zao ndogo, na Sheria ya Kanuni ya Adhabu inamgusa mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Kwa hiyo usiende mbele ya hakimu ukisema "ni mbwa tu". Mtoto aliyeng'atwa hakuona kuwa ni mbwa tu.

Sasa njia ya kutoka. Hatua ya kwanza ni kwenye masijala ya mahakama iliyotoa waranti, kwa karani. Mashtaka yaliyoletwa na mamlaka ya jiji la Kampala mara nyingi husikilizwa kwenye mahakama ya City Hall; kwingineko kesi za namna hii huwa kwa hakimu wa daraja la kwanza au mahakama ya hakimu mkuu wa eneo. Kama unaogopa kwenda mwenyewe kabla hujajua hali ilivyo, mtume wakili au ndugu unayemwamini akaulize. Mpe namba ya kesi iliyo kwenye samansi. Kama samansi imepotea, namba ya faili la polisi, ambayo wengi huiita CRB, itasaidia, au jina lako kamili pamoja na mwaka na mahali pa tukio. Mfumo wa kielektroniki wa kesi za mahakama ulizinduliwa Machi 2022, hivyo faili la kabla ya hapo huenda likawa la karatasi tu, na karani atahitaji muda kulitafuta. Rudi siku aliyokuambia. Kusumbua kwa heshima kunaruhusiwa.

Muulize karani: kesi bado ipo? Waranti imeshafutwa au la? Ni hakimu yupi anayelishika faili sasa, na anakaa siku gani? Majibu huweza kushangaza. Mara nyingine mlalamikaji naye aliacha kuja, hakimu akaitupilia mbali kesi, lakini nakala ya waranti ikabaki kituoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo unachohitaji ni nakala iliyothibitishwa ya amri ya mahakama.

Usitishwe na vifungu usivyovikuta kitabuni. Sheria za Uganda zilichapishwa upya, na toleo jipya likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 likiwa na namba tofauti za sura na vifungu. Hati ya mashtaka ya 2017 itataja namba za zamani. Hilo pekee haliifanyi kuwa batili.

Ikiwa waranti ingali hai, nenda mahakamani mwenyewe. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Anayeletwa kwa pingu anaanza kwa kueleza kwa nini alikimbia. Anayeingia kwa miguu yake ameshaonyesha kwamba hakimbii, na hilo ndilo swali kubwa hakimu analojiuliza anapofikiria dhamana. Chagua siku ya mwanzo wa wiki, asubuhi. Ijumaa alasiri ni hatari, kwa sababu ukipelekwa mahabusu utasubiri mpaka Jumatatu.

Nenda na wadhamini wawili wanaojulikana na wenye makazi ya kudumu, kila mmoja na kitambulisho cha taifa na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC1 wake. Chukua chochote kinachoeleza kutokufika kwako: karatasi za hospitali, barua ya uhamisho wa kazi, uthibitisho wa msiba. Kama huna karatasi, sema ukweli kwa ufupi. "Mheshimiwa, samansi aliipokea shangazi yangu nikiwa Juba kikazi, nimejua mwezi huu, nimekuja" ni maelezo yanayotosha kuliko hadithi ndefu. Chukua pia cheti cha chanjo. Kama mbwa yupo, mpeleke kwa afisa wa mifugo wa wilaya akachanjwe kabla ya siku hiyo; kama alikufa au ulimgawa, pata maandishi ya mwenyekiti. Hakimu akiona kwamba hatari imeondolewa, kesi nzima inabadilika sura.

Lugha ya mahakama ni Kiingereza. Wasemaji wa Kiswahili tulio wengi West Nile, mipakani na katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali tunajua jinsi mtu anavyotikisa kichwa akikubali jambo asilolielewa. Usifanye hivyo kizimbani. Ibara ya 28 inakupa mkalimani bila malipo. Sema mapema, hata kwa karani, kwamba unataka kusikilizwa kwa Kiswahili.

Hakimu akishafuta waranti anaweza kukupa dhamana na tarehe mpya, au kukusomea mashtaka siku ileile. Hapo watu hufanya haraka. Wanasema "nakubali kosa" ili warudi nyumbani kabla ya giza, bila kujua kwamba wamejiwekea rekodi ya hatia. Kama hukutenda, kana. Kama kweli mbwa wako alizurura bila chanjo, kukubali mapema humfanya hakimu akuonee huruma, na eleza wazi ulichofanya kurekebisha. Faini katika sheria zetu nyingi huandikwa kwa pointi za fedha, na pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo uliza jumla yake kwa shilingi kabla hujaondoka. Kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 2, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2000 inamwezesha hakimu kukupa kazi ya kijamii, kama kusafisha zahanati au kupanda miti, badala ya jela. Wakili wako au wewe mwenyewe mnaweza kuiomba.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikae nyumbani. Wakili wa serikali hutolewa kwa makosa mazito tu, lakini mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society (chama cha mawakili), Justice Centres Uganda, kliniki ya Law Development Centre na FIDA-Uganda (chama cha mawakili wanawake) huwasaidia watu wa kipato kidogo.

Na kama polisi watakuwahi? Tulia. Una haki ya kuambiwa unakamatwa kwa sababu gani, na ukiomba kuonyeshwa waranti wanapaswa kukuonyesha. Sema, "Afande, naomba niione karatasi," kisha soma jina, kosa na mahakama. Angalia na nyuma ya karatasi, maana hakimu anaweza kuwa ameandika kwamba uachiwe ukiweka wadhamini. Ibara ya 23 ya Katiba inataka ndugu zako wajulishwe ukiomba, na ufikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, si zaidi ya saa 48. Usisaini maelezo ambayo hukusomewa kwa lugha unayoielewa.

Dhamana yenyewe, ya polisi au ya mahakama, haiuzwi. Hakimu akiamuru uweke fedha taslimu, hulipwa benki kwa hati ya malipo ya serikali, hazipitii mkononi mwa karani wala askari, na hurudishwa kesi ikiisha kama ulihudhuria tarehe zako. Tunza stakabadhi hiyo. Wengi hushindwa kudai fedha zao kwa sababu tu karatasi iliraruka kwenye mfuko wa suruali.

Amri ya kufuta waranti ikishatolewa, omba nakala mbili zenye muhuri kabla hujatoka kwenye jengo. Moja ipeleke kituo cha polisi kilichofungua faili, uhakikishe imepokewa na kuandikwa, na uombe namba ya kumbukumbu hiyo. Nyingine ipige picha kwa simu na utembee nayo unaposafiri, mpaka kesi itakapofungwa.