Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa udaktari anayekesha husahau alichosoma?

Mwanafunzi wa udaktari, uuguzi au famasia anaweza kukueleza kazi za figo bila kigugumizi, kisha usiku wa kuamkia mtihani akakesha na kahawa. Madhara anayajua. Kinachomponza ni hesabu: akipunguza saa nne za usingizi, anadhani amepata saa nne za kusoma.

Ulichosoma mchana hushikiliwa kwanza na hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo. Ni katika usingizi mzito ndipo kumbukumbu hizo hurudiwa na kuimarishwa kwenye gamba la ubongo. Usiyelala unajinyima hatua hiyo, na kesho yake hipokampasi iliyochoka hupokea mambo mapya kwa shida.

Kuna jambo baya zaidi. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya umakini kama mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi wodini hufika hapo saa nne usiku, yaani saa ileile ambayo wengi ndiyo kwanza wanafungua daftari!

Na kahawa? Ukiwa macho, ubongo hurundika adenosini, kemikali inayoleta usingizi. Kafeini iliyomo kwenye kahawa huziba tu vipokezi vya adenosini, yaani sehemu za seli inakojishika, haiiondoi. Ikiisha nguvu, usingizi wote uliozuiwa hukuangukia. Huchukua saa tano hivi kafeini kupungua nusu, kwa hiyo kikombe chenye miligramu 100 ulichokunywa saa kumi na moja jioni bado kina miligramu 50 mwilini saa nne usiku. Kwa wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango muda huo unaweza kukaribia maradufu, na hili wengi hawaambiwi. Unayelala saa tano usiku, kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana, na jumla ya siku isizidi miligramu 400.

Ukizidiwa mchana, lala dakika 20 kabla ya saa tisa alasiri, na utege kengele. Ukipitisha dakika 30 unaingia usingizi mzito, ukiamshwa humo unabaki mzito kichwani hata nusu saa. Ila kabla ya zamu ya usiku lala dakika 90, mzunguko mmoja kamili wa usingizi.

Mazoezi hayahitaji ukumbi: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi zinatosha, na tangu 2020 Shirika la Afya Duniani halidai tena kila kipande cha mazoezi kifike dakika 10. Hata kupanda ngazi za hospitali kunahesabiwa.

Usiku wa mwisho, funga daftari saa nne, andika kwa kichwa unachokumbuka kwa dakika 15, ulale. Mapengo utakayoyaona ndiyo ya kusoma asubuhi.