Mtumishi wa umma ukifukuzwa kazi, usikimbilie CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi)

Watumishi wengi wanaofika ofisini kwangu hapa Kigoma huja na barua ya kufukuzwa kazi mkononi na swali moja: wakili, lini tunaenda mahakamani? Mimi huanza na tarehe ya barua.

Mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, iliongezewa kifungu kinachomtaka mtumishi amalize kwanza ngazi za rufaa zilizomo ndani ya sheria hiyo. Aliyefukuzwa na mkurugenzi wa halmashauri, iwe Kasulu au Uvinza, anakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45. Asiporidhika, anakwenda kwa Rais. (Walimu wana tume yao.) Na mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba CMA haina mamlaka juu ya migogoro ya namna hii. Inaniuma kumwona mtu aliyeshinda CMA, tuzo (uamuzi wa CMA) ikafutwa, na siku zake za rufaa zikawa zimeshapita.

Rais akishaamua, ndipo unakwenda Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio. Unaomba kwanza kibali cha kufungua mapitio hayo, ndani ya miezi 6. Ukikipata, una siku 14 za kufungua maombi yenyewe.

Hapo wateja wengi hushangaa. Jaji hasikilizi upya kama fedha ziliibwa au la, anatazama ulivyohukumiwa. Je, aliyekuadhibu alikuwa na mamlaka? Ulisikilizwa, kama Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inavyotaka? Niliwahi kusoma jalada la mkusanya mapato ambalo hati ya mashtaka ilisema tu “umefanya ubadhirifu”. Kiasi hakikutajwa, tarehe haikutajwa, wala ni miamala ipi ya mashine ya POS. Mtu atajitetea vipi hapo? Taarifa ya kamati ya uchunguzi nayo hakuwahi kuonyeshwa. Hoja zetu zote zilitoka kwenye karatasi hizo mbili.

Kwa hiyo ukipokea hati ya mashtaka, andika juu yake tarehe uliyoipokea. Jibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa, na nakala yako igongwe muhuri wa masjala. Omba nyaraka unazohitaji kwa barua, hata ukijua watakunyima.

Jambo moja huwaambia wateja mapema: Mahakama ikitengua uamuzi, inaweza kuagiza mchakato wa nidhamu uanze upya, na mwajiri akakuandikia mashtaka mengine, safari hii kwa kufuata utaratibu.