Kilo zinazopungua baada ya upasuaji wa kupunguza uzito si mafuta matupu

Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huulizwa swali moja kila anakopita: umepungua kilo ngapi? Mizani inaweza kulijibu, lakini haiwezi kueleza ni nini kilichopungua, na hapo ndipo dhana nyingi potofu huanzia.

Dhana: Kila kilo inayotoka ni mafuta.

Ni kweli kwamba mafuta ndiyo yanayopungua zaidi. Hata hivyo, takriban robo ya uzito unaopotea huwa si mafuta, bali ni misuli, maji na tishu nyingine, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika miezi ya mwanzo, wakati mgonjwa anakula kidogo mno. Aliyeshuka kutoka kilo 130 hadi 90 anaweza kuwa amepoteza kilo zipatazo 10 zisizo za mafuta. Si zote ni za kusikitikia, kwa kuwa mwili mzito hujijengea misuli ya kujibeba, na ukishapungua hauihitaji yote. Wasiwasi huja nguvu zinapopungua kupita kiasi, mtu akawa hawezi kuinuka kitini mpaka ajisukume kwa mikono. Ndiyo maana wagonjwa hushauriwa kupata angalau gramu 60 za protini kwa siku, na kuanza na chakula chenye protini kila mlo, kwa sababu tumbo hujaa upesi. Kutembea kunafaa, lakini misuli hulindwa zaidi na mazoezi ya kunyanyua au kusukuma mzigo, baada ya daktari kuruhusu.

Dhana: Siri yote ni udogo wa tumbo.

Maelezo haya yana ukweli nusu tu. Katika upasuaji wa kukata tumbo na kubakiza sehemu nyembamba, huondolewa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, ikiwamo sehemu inayotengeneza kwa wingi grelini, homoni ya njaa. Katika ule wa kuunganisha tumbo dogo na utumbo mwembamba, chakula hufika mapema sehemu za mbele za utumbo, na homoni za shibe hupanda. Mabadiliko hayo, pamoja na kula kidogo, huchangia sukari ya baadhi ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili kushuka ndani ya siku chache, kabla uzito haujapungua sana.

Dhana: Uzito ukisimama au ukirudi kidogo, upasuaji umeshindwa.

Utafiti mkubwa ulioanza Uswidi mwaka 1987 ulionyesha kwamba waliounganishwa tumbo na utumbo walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka mmoja hadi miwili, na baada ya miaka 10 upungufu ulikuwa asilimia 25. Kurudi kwa kilo kadhaa, kwa hiyo, ni jambo la kutarajiwa.

Dhana: Mizani ya nyumbani inayoonyesha asilimia ya mafuta haikosei.

Mizani hiyo hupitisha umeme hafifu kupitia nyayo na kukisia mafuta kutokana na jinsi mwili unavyouzuia, kwa hiyo kiasi cha maji mwilini huvuruga majibu. Ina manufaa ukipima saa ileile, katika hali ileile, ukafuatilia mwelekeo badala ya kushikilia namba ya siku moja. Kipimo cha DEXA, kinachotumia mionzi hafifu, ni sahihi zaidi, na huonyesha pia hali ya mifupa, ambayo inaweza kuendelea kupungua uimara hata uzito ukishatulia. Kwa sababu hiyo kalsiamu na vitamini D haviachwi mara tu nguo zinapoanza kupwaya.