Ukurasa wa setingi za ruta haufunguliwi kwa bando

Huyu ni wa nne mwezi huu. Mama mmoja mwenye ghala la dagaa kule Kibirizi kanipigia saa mbili asubuhi: “Fundi, bando nimeshaweka, njoo sasa unibadilishie neno la siri la waifai.” Bando la nini, mama? “Si ndiyo ukurasa ufunguke?” Kaambiwa na kijana anayetengeneza simu pale Mwanga. Nimelisema jambo hili kwa mdomo mpaka sauti imenikauka, na watu bado wanapoteza hela. Leo naliandika.

Ukurasa wa setingi hauko intaneti. Umo ndani ya ruta yenyewe, kile kifaa kinachokugawia waifai, na ruta ndiyo inayokuletea kwenye simu kwa waifai au kwa kebo. Ipakie ruta yako kwenye boti, nenda nayo katikati ya Ziwa Tanganyika ambako mnara haufiki, iwashe kwa betri, ukurasa utafunguka. Unaufungua kwa kuandika namba ya ruta kwenye brauza, na mara nyingi ni ya 192.168. Namba zinazoanza na 192.168 zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa mitandao ya ndani, pamoja na zinazoanza na 10 na zile za 172.16 hadi 172.31. Huko nje, kwenye intaneti, hazipitishwi kabisa. Ndiyo maana ruta yako na ya jirani zinaweza kuwa na namba ileile na zisigombane. Bando linakutoa nje, na unachokitafuta kimo ndani.

Yule kijana wa Mwanga simuiti mwongo, kwa sababu alichokiona ni kweli. Alijaribu bila bando, ikagoma. Akaweka bando, ikafunguka. Mtu akiyaona hayo mara tatu ataapa. Kosa liko kwenye sababu, na hapa naomba mtulie nami.

Simu ya Android ikishika waifai, kwanza inachungulia kama huko kuna intaneti. Isipopata jibu inaandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, na kama data ya simu imewashwa, inahamia kwenye data bila kukuaga. Wewe unaandika 192.168.8.1, simu inaipeleka mnarani, wakati ruta iko mezani, hatua mbili kutoka ulipokaa. Mnara hauna pa kuipeleka. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha ukurasa unakata. Ukiweka bando kwenye ruta, simu inapata jibu lake, inatulia kwenye waifai, na ukurasa unakuja. Kwa hiyo bando liliizuia simu isikimbie, basi. Kuzima data ya simu kunafanya kazi hiyohiyo, bure. Simu ikikuuliza kama ubaki kwenye waifai isiyo na intaneti, kubali ubaki.

Kuna na jingine linaloipa imani hii nguvu. Ukikosea kuandika namba, brauza inadhani unatafuta kitu, inakimbilia Google, na Google inataka intaneti. Inakujibu “hakuna intaneti”, na wewe unaona umethibitishiwa. Yule mama nilimkalia pembeni nikatazama kidole chake. Kila akiweka nukta, kibodi ya simu inaongeza nafasi yenyewe, yeye haoni. Wengine wanaweka koma, wengine herufi l mahali pa 1. Anza na http:// halafu namba, bila nafasi hata moja, na uandike juu kwenye mstari wa anwani, siyo kwenye kisanduku cha kutafutia.

Namba yenyewe ni ipi? Siyo lazima 192.168.1.1, hata kama umeikuta imeandikwa kila mahali. MikroTik hutoka kiwandani na 192.168.88.1, ruta nyingi za laini za Huawei ni 192.168.8.1, TP-Link nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Acha kubahatisha. Geuza ruta usome kibandiko, au fungua maelezo ya waifai kwenye simu utafute palipoandikwa lango (gateway), ndiyo namba ya ruta. Kwenye iPhone pameandikwa ruta. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig. Kompyuta ikikuonyesha namba yake inaanza na 169.254, ujue ruta haijaipa namba. Shughulikia hilo kwanza. Zima VPN, ile programu inayopitisha mtandao wako kwa njia ya mbali. Kama umeshika waifai ya wageni, mara nyingi ukurasa umefungwa kwa makusudi. Na kama nyumbani kuna ruta mbili zimefuatana, hakikisha unagonga mlango wa ile unayoitaka.

Jambo moja linaninyima raha. Ruta nyingine zikifunguka, brauza inaonya kwamba tovuti si salama, kwa sababu ruta imejitengenezea yenyewe cheti cha kujitambulisha na hakuna mwingine anayekidhamini. Mimi huwaambia wateja waendelee, na kwa ruta iliyo mezani pao, kwa namba waliyoihakiki, ni sawa. Lakini najua ninawazoesha kulipita onyo lile ambalo siku wakilikuta kwenye ukurasa wa benki wanapaswa kukimbia. Nimejaribu kulieleza kwa namna mbalimbali na sijaridhika na hata moja. Pia zipo ruta ambazo kila kitu kiko sawa na ukurasa unagoma mpaka uizime, usubiri nusu dakika, uiwashe. Sababu sijawahi kuikamata, lakini nafanya hivyo.

Ila pini ya kuriseti, ile mnayoichomeka kwenye tundu dogo la ruta, tafadhali! Hilo tundu siyo la kufungulia ukurasa. Linafuta kila kitu ulichoseti, na kama mtandao wako unaingia kwa jina la mtumiaji na neno la siri la kampuni, vinafutwa navyo. Ofisi moja hapa mjini ilibonyeza Ijumaa mchana ikakaa bila intaneti mpaka Jumanne, wakisubiri mtu wa kampuni aje ajaze mistari miwili. Wao walitaka kubadilisha jina la waifai tu.

Kwa yule mama nilifanya hivi. Nilichomoa laini kwenye ruta, nikaiweka mezani karibu na mizani, mbele ya macho yake. Nikazima data ya simu yake, nikamwachia aandike mwenyewe, taratibu, akifuta kila nafasi. Ukurasa ukafunguka, juu umeandikwa hakuna laini. Akaitazama laini mezani, akaitazama simu. Tukabadilisha neno la siri la waifai, na lile la kuingilia ukurasa pia, maana lilikuwa bado la kibandiko.

Kabla ya kuhifadhi nilikuwa nimemfungulia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa 11, na yeye ana simu mbili. Akavisoma jina moja moja, akaweka kidole kwenye la sita. “Huyu ni wa hapo kwenye chipsi.”