"Ufadhili wa wanafunzi": nani anampa nani?

Mwezi uliopita nilihudhuria warsha ya asasi za kiraia, na mtoa mada mmoja akatueleza kuhusu "ufadhili wa wanafunzi" katika vyuo vya Marekani. Alieleza vizuri, kwa uchangamfu. Kikao kilipovunjika, mama mmoja alimsogelea na bahasha ya kaki, ndani yake nakala ya matokeo ya kidato cha sita ya bintiye. Aliuliza fomu zinapatikana wapi. Fomu hazikuwapo, kwa sababu mada ilihusu jambo jingine kabisa: wanafunzi wale hawapewi pesa, wao ndio wanaozitoa. Nimeshaisikia dhana hii ikiitwa hivyo mara nyingi na kunyamaza. Ile bahasha ndiyo imenitoa kimya.

Kwa ufupi, hili ni somo la kawaida la chuo, lenye mhadhiri na alama, ambamo darasa hukabidhiwa pesa halisi lizigawe kama ruzuku kwa asasi zisizo za faida zilizo jirani na chuo. Chuo Kikuu cha Northern Kentucky kimejulikana kwa mpango wa namna hii tangu miaka ya 2000 ilipoanza, chanzo cha pesa kikiwa wakfu wa familia ya Mayerson wa Cincinnati, ng'ambo ya mto Ohio. Doris Buffett, dada mkubwa wa tajiri Warren Buffett, aliupeleka mtindo huo kwenye vyuo vingine vingi, darasa likipata hata dola 10,000 za kugawa. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Tatizo ni jina. Kiunganishi "wa" hakisemi nani mtendaji na nani mtendwa. Tunasema "malezi ya wazazi", na wazazi ndio wanaolea. Tunasema "malezi ya watoto", na watoto ndio wanaolelewa. Umbo ni lilelile, ila mazoea yanatuonyesha njia. Kwenye "ufadhili" mazoea yameshakata shauri zamani. Kijana akisema "nimepata ufadhili", hatumuulizi wa nini, tunajua ni wa masomo. Nchini Kenya, tangu mfumo mpya wa kugharamia elimu ya juu utangazwe mwaka 2023, ufadhili wa wanafunzi ni habari ya kila nyumba yenye mtoto aliyemaliza sekondari. Kwa hiyo yule mama hakusikia vibaya. Alisikia Kiswahili kama kinavyosemwa.

Hata tukilitengeneza hilo la "wa", bado nina neno na "ufadhili" wenyewe. Mzizi wake ni fadhila, na fadhila kwetu ina deni. Aliyefadhiliwa hutarajiwa kulipa fadhila, na asipolipa tunamkumbusha kwamba heri kumfadhili mbuzi kuliko binadamu. Ni uhusiano wa mtu na mtu: yupo mwenye kushukuru na yupo mwenye kushukuriwa. Darasani hakuna hicho. Pesa si za wanafunzi. Wamepewa dhamana ya kuzigawa, na asasi inayozipokea haiwi na deni la shukrani kwao; deni lake ni la kazi iliyoahidi kuifanya na hesabu itakayoonyesha pesa zilikwenda wapi.

Ndiyo maana napenda neno "ruzuku", na naomba tusiliache libaki kwenye pembejeo za kilimo na vyama vya siasa. Limetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu na "riziki". Mungu huruzuku, jina Abdulrazak maana yake ni mja wa Mwenye kuruzuku. Ndani ya neno hili mna wazo la fungu, la mtu kupata sehemu yake ya kumwezesha kuendelea. Anayegawa ruzuku anatazama fungu alilonalo na wahitaji walio mbele yake, kisha anaamua nani apate, na kiasi gani.

Na kuamua huko ndiko wanakofundishwa. Wapo wanaodhani ni kama vikundi vyetu vya chuo vinavyopeleka sukari na sabuni kwenye kituo cha watoto yatima, wakapiga picha na kurudi. Ile ni sadaka, na ina heshima yake. Wala sadaka haimlazimu mtoaji kumlinganisha mhitaji huyu na yule. Darasa la ruzuku linalazimika. Wanafunzi huweka vigezo, hupokea maombi, husoma bajeti, huzitembelea asasi na kuuliza maswali. Huko Marekani asasi nyingi za aina hii hujaza kila mwaka Fomu 990 ya mamlaka ya kodi, inayoonyesha mapato, matumizi na malipo ya viongozi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma. Kijana wa miaka 20 anajifunza hapo kwamba asasi isiyo ya faida inaweza kulipa mishahara bila kosa lolote, kwamba kisichoruhusiwa ni kugawana ziada. Kisha darasa linabishana, linapiga kura, na asasi nzuri zinakosa. Kuwaambia hapana watu uliokaa ofisini kwao na kuiona kazi yao ni somo zito. Sijui namna nyingine ya kulifundisha zaidi ya kumpa mtu pesa zisizotosha na kumtaka azigawe.

Nilimpigia yule mtoa mada. Ni mtu mwema, na habari ya bahasha ilikuwa imemuumiza kuliko ilivyoniumiza mimi. Aliniuliza basi aandike nini kwenye slaidi zake. Nikamshauri aandike "ruzuku zinazotolewa na wanafunzi". Neno "na" hapo linamtaja mtendaji waziwazi. Kama anataka jina fupi, "darasa la ruzuku" linatosha, mradi sentensi inayofuata iseme pesa zinatoka kwa nani na zinakwenda kwa nani.