Kanisa la Kale la Bagamoyo: Yanayosimuliwa na Yaliyokuwa

Kwenye viwanja vya misheni ya Bagamoyo kuna njia iliyofunikwa na miembe iliyopandwa mwaka 1871, kuna mbuyu mkubwa, kuna makaburi ya wamisionari waliokufa vijana kwa homa, na kuna mnara mdogo wa kanisa ambao karibu kila mgeni huletwa aupige picha. Mnara huo ni mabaki ya kanisa la mwaka 1872. Wengi huuita Mnara wa Livingstone, na jina hilo ndilo limezaa nusu ya maneno yasiyo sahihi kuhusu mahali hapa. Livingstone, Mzungu mmisionari na mpelelezi aliyelala hapo usiku mmoja, tena akiwa maiti, amewafunika watu walioishi hapo miaka mingi.

"Livingstone amezikwa mnarani"

Hapana. David Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wa safari waliutoa moyo wake wakauzika palepale chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakaubeba kwa miguu hadi pwani, mwendo wa miezi kadhaa. Viongozi wa msafara huo walikuwa Chuma na Susi. Pamoja nao alikuwako Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika. Walifika Bagamoyo tarehe 24 Februari 1874, mapadre wakaupokea mwili na kuulaza kanisani usiku huo. Baada ya hapo ukavushwa Zanzibar, ukapelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Chuma na Susi, waliofanya kazi kubwa kuliko wote, walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha.

Wala Livingstone hakuianzisha misheni hii. Alikuwa Mprotestanti wa Uskoti, na safari yake ya mwisho ya kuingia bara, mwaka 1866, aliianzia Mikindani, kusini kabisa. Kama mnara ungepewa jina kwa haki ya jasho, tungeuita Mnara wa Chuma na Susi.

"Kanisa lilijengwa na Wajerumani"

Hili linaeleweka. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, na boma lao la mwaka 1897 bado liko mjini. Mtu akiona jengo la kale la kizungu hapo, jibu la haraka ni Mjerumani. Lakini misheni ilifunguliwa mwaka 1868, miaka 20 kabla Wajerumani hawajaja kutawala, na ilifunguliwa kwa ridhaa ya Sultani Majid wa Zanzibar. Mapadre walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika la Kifaransa. Utata kidogo uko kwa mkuu wao, Padre Antoine Horner: alizaliwa Alsace, mkoa wa Ufaransa uliochukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, kwa hiyo kijiji chake kilibadilisha nchi huku yeye akiwa Bagamoyo anachoma chokaa.

Wengine huwachanganya mapadre hao na White Fathers. Hao ni shirika jingine. Walipita Bagamoyo mwaka 1878 wakielekea Tabora na Uganda, wakapata hapo wapagazi na ushauri, wakaendelea na safari.

"Ndilo kanisa la kwanza Afrika Mashariki"

Bagamoyo inastahili heshima nyingi, ila hii si yake. Wareno walifika Kilwa mwaka 1505 pamoja na mapadre Wafransisko. Malindi kuna kanisa dogo la enzi hizo ambalo bado linatazamwa. Ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, misingi ya kanisa ingali inaonekana, na mjini humo Waagustino walikuwa na nyumba yao hadi uasi wa mwaka 1631. Hata ukihesabu karne ya 19 peke yake, Zanzibar ilitangulia: mapadre kutoka Réunion, kisiwa cha Wafaransa katika Bahari ya Hindi, walifika Unguja mwaka 1860, na Shirika la Roho Mtakatifu likapokea kazi mwaka 1863.

Kilicho kweli ni kwamba ukatoliki ulioingia bara ya Tanzania na ukabaki, ulishika mizizi hapa. Mhonda, Morogoro na Kilema chini ya Kilimanjaro vyote ni matawi ya shina hili. Ndiyo maana eneo lote kuanzia mwaka 1906 liliitwa Vikarieti ya Bagamoyo, yaani eneo la Kanisa ambalo bado halijawa jimbo, kabla ya kuwa Jimbo la Morogoro mwaka 1953.

"Ni ujenzi wa Ulaya ulioletwa kwa meli"

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu watu hutazama upinde na mnara wakasahau kuugusa ukuta. Uguse. Ni matumbawe na chokaa. Kilomita chache kusini mwa mji kuna magofu ya Kaole, na msikiti wake wa kale, wa karne ya 13, umejengwa kwa mawe hayohayo. Waashi wa pwani walikuwa na ufundi huo miaka 600 kabla Horner hajatia mguu Bagamoyo: kuchimba mawe ya matumbawe, kuyapanga juu ya rundo la magogo, kuyachoma mpaka yageuke chokaa, kisha kuchanganya chokaa na mchanga na kukandika.

Mapadre walichoongeza ni umbo. Nyumba ya mawe ya pwani huwa na vyumba virefu vyembamba, na sababu yake haihusu ladha. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya takriban mita tatu. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Nyumba ya watu 10 inavumilia kipimo hicho, kanisa la watu mamia halivumilii. Kanisa linahitaji waumini wote waione altare, kwa hiyo dari ya boriti huwekwa kando, paa likasimamishwa kwa mgongo juu ya kenchi za mbao, au nafasi ikagawanywa kwa nguzo na matao. Ukitazama majengo ya misheni kwa jicho hilo unaona watu wawili wakizungumza: fundi wa pwani anayelijua jiwe, na bruda kutoka Ulaya anayejua useremala wa paa.

Mazungumzo hayo hayakuwa rahisi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliipiga Unguja na pwani ya Bagamoyo, majengo mengi ya misheni yakaanguka. Uimara wa kuta zilizofuata ni jibu kwa upepo ule.

Na mnara si kanisa la parokia linalosaliwa leo. Kanisa kubwa lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, la kale likiwa limekwisha kuelemewa na idadi ya waumini. Watalii wengi huupiga picha mnara na kulipita kanisa kubwa bila kuingia, kana kwamba jengo lililo na watu ndani si historia.

"Mnyororo wa mbuyu ulikuwa wa kufungia watumwa"

Katika shina la mbuyu wa misheni kuna kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Mgeni akishasikia neno Bagamoyo na neno utumwa, macho yake humaliza hadithi yenyewe. Mbuyu huo ulipandwa na mapadre mwaka 1868. Simulizi inayotunzwa na misheni ni kwamba Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyehudumia wagonjwa, alikuwa akimfunga punda wake hapo mwishoni mwa karne ya 19. Mnyororo ulisahaulika, mti ukanenepa.

Kanisa pia halikujengwa juu ya soko la watumwa. Hilo ni la Unguja, Mkunazini, na ni la Waanglikana.

Wala jina la mji si ushahidi rahisi kama wengi wanavyofundishwa. "Bwaga moyo" husomwa kama kilio cha mtumwa anayeacha moyo wake pwani. Lakini anayebwaga ni mwenye mzigo, na waliofika Bagamoyo na mizigo kwa maelfu walikuwa wapagazi wa bara, wengi wao Wanyamwezi waliolipwa ujira, wakibeba pembe za ndovu. Kwao kufika pwani kulikuwa kutua. Watumwa walipita hapa, hilo halina ubishi, ingawa bandari yao kubwa upande huu wa bara ilikuwa Kilwa Kivinje.

"Mapadre walinunua watumwa wakawaacha huru"

Nusu ya kweli. Walikomboa watu, wengi wao watoto, kwa fedha sokoni Zanzibar, na wengine waliletwa baada ya manowari za Waingereza kuwakamata wafanyabiashara baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 misheni ilikuwa na zaidi ya 300. Ila uhuru huo ulikuwa na kengele: kengele ya kuamka, ya sala, ya shamba, ya darasa. Watoto walilima na kujifunza ufundi, wakikua wanaozwa na kupewa nyumba kwenye kijiji cha misheni. Baadhi walitoroka. Mikono yao ndiyo iliyobeba mawe.

Na wamisionari wenyewe hawakuwa Wazungu watupu kama picha za ukutani zinavyodokeza. Masista wa Binti za Maria, ambao nyumba yao ya mwaka 1876 sasa ni makumbusho, walitoka Réunion, ambako shirika lao lilianzishwa mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani. Lilipokea wanawake weusi na machotara, wakiwemo waliowahi kuwa watumwa.

"Abushiri aliishambulia misheni"

Alishambuliwa Mjerumani. Vita ya mwaka 1888 na 1889 ilipouunguza mji, Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, aliiacha misheni ya Bagamoyo isimame, na maelfu ya wakimbizi walijaa viwanjani, chini ya miembe ileile. Misheni iliyoshambuliwa ilikuwa ya Wabenediktini kule Pugu, Januari 1889. Hao walikuwa wamekuja na Wajerumani mwaka mmoja tu kabla. Wa Bagamoyo walikuwa majirani wa miaka 20.

"Ni Urithi wa Dunia"

Bado. Bagamoyo imo kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu mwaka 2006, ikiwa sehemu ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na orodha ya awali ni foleni tu.